Glaida ya kiti kimoja chini ya kilo 70: usajili na mafunzo vikoje?

Bawa_Refu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba msaada kwa wanaozijua glaida (ndege zisizo na injini) nyepesi kabisa. Sizungumzii zile kubwa za klabu, ni hizi ndogo za kiti kimoja zinazojengwa kwa ramani. Mfano ninaoutazama ni Carbon Dragon: mabawa mita 13.4, uzito mtupu kama kilo 66. Uzoefu uliopo ni wa paraglaida (tanga la kitambaa unaloruka ukiwa umening'inia chini yake), kadi ya kimataifa ya marubani wake, IPPI, hatua ya 4. Kwenye ndege yenye kijiti na pedali, sifuri.

Maswali:

1. Nasikia chini ya kilo 70 hakuna usajili wala leseni. Ni kweli kila mahali?
2. Saa za paraglaida zinahesabiwa kwenye leseni ya glaida?
3. Ndege ina kiti kimoja. Mkufunzi anakaa wapi?
4. Kuipandisha hewani ni kwa winchi (mashine ya ardhini inayovuta kebo) au kwa kuvutwa na ndege? Vifaa vya klabu ya kawaida vinafaa?
5. Baada ya kujenga, kitovu cha uzito kinapimwaje bila vifaa vya karakana kubwa?

Asanteni.

---

Kamba_Moja:

Chini ya 70 wewe ruka tu mkuu, hiyo haihesabiwi kuwa ndege. Ni kama paraglaida yenye mbao.

---

Kanuni_Kwanza:

Kamba_Moja, hilo jibu ndilo linalowafanya watu wanyang'anywe mashine. Kilo 70 si namba ya dunia nzima. Tuanzie chini.

Kwa tafsiri ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, glaida ni chombo kizito kuliko hewa, kisicho na injini, kinachopata nguvu ya kunyanyuka kutokana na hewa kupita kwenye mabawa yaliyotulia. Tafsiri hiyo haitaji kilo hata moja. Kwa hiyo msingi ni kwamba glaida ya kilo 60 ni ndege kama ile ya kilo 400: ina uraia, ina alama za usajili, na rubani wake ana leseni. Kinachoitoa huko ni aya ya sheria ya nchi husika inayosema wazi kwamba vyombo vya aina fulani vimesamehewa. Nchi isiyo na aya hiyo haijasamehe kitu, hata kama ofisa wa dirishani hajawahi kuona glaida.

Mfano wa Marekani, ambako hadithi ya "chini ya 70" imetoka. Sehemu ya 103 ya kanuni zao za anga, iliyoanza 1982, inasema chombo kisicho na injini lazima kiwe chini ya pauni 155, yaani kilo 70.3, kiwe cha mtu mmoja, na kirushwe kwa michezo au burudani tu. Kikitimiza hayo hakihitaji usajili, alama, cheti cha ubora wa kuruka wala leseni ya rubani, na hakuna umri wa chini uliowekwa. Ila masharti ya kuruka yanabaki: mchana tu, marufuku juu ya makazi yaliyosongamana au mkusanyiko wa watu, lazima uione ardhi wakati wote, unaipisha kila ndege, na huingii anga inayoongozwa ya viwanja bila ruhusa ya awali ya waongozaji. Pia, FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) wakikuuliza, ni kazi yako kuwaonyesha kwamba chombo kinaangukia chini ya Sehemu ya 103. Karatasi ya kupimia uzito, yenye tarehe na namba za mizani, ikae ndani ya chombo.

Ulaya mambo ni tofauti. Sheria ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ya 2018 ina Kiambatisho cha Kwanza kinachoorodhesha vyombo visivyo chini ya EASA. Humo kuna glaida za kiti kimoja zisizozidi kilo 250 wakati wa kuruka, za viti viwili zisizozidi 400, pamoja na chombo kingine chochote chenye mtu ambacho uzito wake mtupu, na mafuta yakiwemo, hauzidi kilo 70. Wengi wakisoma hapo wanashangilia. Wanasahau kwamba kutolewa EASA ni kurudishwa kwa sheria ya nchi, na kila nchi ina yake. Ujerumani, kwa mfano, wana kundi la vyombo vyepesi vya michezo vya kiti kimoja vyenye uzito mtupu hadi kilo 120. Taratibu nyingi za chombo chenyewe zimeondolewa, lakini leseni ya rubani na bima ya dhima kwa watu wengine vinabaki palepale. Kanada nako paraglaida na hanglaida hazidai leseni, lakini ukitaka kuingia anga inayoongozwa lazima uwe umefaulu mtihani wa maandishi uitwao HAGAR.

Kwa hiyo swali la kupeleka kwa mamlaka ya anga ya nchi utakakoruka lisiwe "je, naruhusiwa?" Ukiuliza hivyo utajibiwa hapana, maana hapana haimgharimu mtu kitu. Uliza kwa maandishi: "Glaida isiyo na injini, kiti kimoja, uzito mtupu kilo 66, uzito wa juu wa kuruka kilo 150, inaangukia kifungu kipi cha kanuni zenu?" Ambatanisha mchoro wa pande tatu na karatasi ya uzito. Barua inayotaja kifungu hujibiwa kwa kifungu.

Kama jibu ni kwamba inasajiliwa, anza kabla hujakata ubao wa kwanza. Ndege iliyojengwa na mtu binafsi inahitaji ushahidi kwamba ni yeye aliyeijenga. Marekani, kwa ile inayozidi Sehemu ya 103, sharti la kundi la "zilizojengwa na wapenzi" ni kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa kwa elimu au burudani, si kwa kulipa karakana. Ushahidi ni picha na daftari la ujenzi: tarehe, kazi, saa, namba ya toleo la gundi au rezini. Mbavu za bawa zikishafunikwa kitambaa hakuna wa kukupigia picha ya ndani, na mkaguzi hataki kusikia simulizi.

---

Mkufunzi_wa_Winchi:

Kanuni_Kwanza kamaliza sheria, mimi nachukua la 2 na la 3.

Saa za paraglaida hazihesabiwi kuelekea leseni ya glaida. Ni kundi lingine la chombo. Hata saa za chombo cha Sehemu ya 103 kule Marekani hazihesabiwi kwa leseni binafsi ya glaida. Kadi ya IPPI inamsaidia mkufunzi kujua kwamba unasoma hali ya hewa, unajua mikondo inayopanda na huogopi urefu. Leseni haimo ndani yake.

Viwango vyenyewe, ili ujue ukubwa wa kazi:

ICAO, Kiambatisho cha Kwanza: miaka 16, saa 6 za glaida, ndani yake saa 2 peke yako zenye miruko na mitua isiyopungua 20.

Marekani, leseni binafsi: peke yako kuanzia miaka 14, leseni miaka 16. Asiye na saa 40 kwenye ndege nyingine anahitaji saa 10 za glaida, miruko 20, na saa 2 peke yake zenye miruko na mitua 10. Cheti cha daktari hakidaiwi kwa glaida, ila huruki ukijua una tatizo la afya linalokuzuia.

EASA, leseni ya glaida iitwayo SPL: saa 15 za mafunzo, kati yake 10 pamoja na mkufunzi na 2 peke yako chini ya usimamizi, miruko na mitua 45, na safari moja ya kutoka nje ya uwanja: kilomita 50 peke yako au 100 na mkufunzi. Cheti cha afya kinahitajika.

Hizo ni namba za chini. Mtu anayetoka paraglaida mara nyingi anafika kwenye kuruka peke yake haraka upande wa kutafuta mikondo na anachelewa upande wa kutua, kwa sababu nitakazoeleza.

Mkufunzi anakaa wapi? Haketi. Unajifunza kwenye glaida ya viti viwili, mfano ASK 21, hadi kuruka peke yako na ikiwezekana hadi leseni. Kisha unahamia ya kiti kimoja ya klabu iliyo tulivu. Nyepesi inakuja mwisho. Hata pale ambapo sheria haikudai chochote, njia ni hiyohiyo. Kusamehewa leseni hakukufundishi kutumia pedali.

Tofauti ya tabia ndiyo watu wanaidharau, basi tuipige hesabu. ASK 21 ikiwa na kilo 600 kwenye mita za mraba 17.95 inabeba kama kilo 33 kwa kila mita ya mraba. Glaida nyepesi inabeba karibu 12. FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, wanaita "microlift" ile isiyozidi kilo 18 kwa mita ya mraba na kilo 220 za kuruka. Kasi ya stoli, yaani pale bawa linapopoteza nguvu ya kunyanyua, inafuata kipeuo cha pili cha mzigo huo wa bawa: mzigo ukishuka hadi theluthi moja hivi, kasi inashuka hadi kama asilimia 60. Ndiyo raha yake, unazunguka ndani ya mkondo mwembamba ambao wakubwa wanaupita tu.

Sasa gharama yake. Kasi ni akiba ya urefu. Ukiwa kilomita 90 kwa saa, mwendo ulio nao ni sawa na mita 32 za urefu. Ukiwa kilomita 50 kwa saa ni mita 10 tu. Kebo ikikatika pua ikiwa juu, glaida kubwa inakupa sekunde chache za kutafakari. Hii nyepesi haina pa kuzitoa, na kwa kuwa haina uzito wa kuisukuma mbele, kasi inayeyuka papo hapo. Kijiti mbele mara moja, pua ishuke chini ya upeo wa macho hadi mkao wa kutua, subiri kasi ya kutua irudi, ndipo ufikirie kugeuka au kufungua breki za hewa. Kosa linaloua ni kuona pua iko chini ukadhani kasi imerudi. Pua ni mwelekeo tu. Angalia kipima kasi.

La pili ni upepo karibu na ardhi. Upepo wa mbele ukipungua kwa kilomita 15 kwa saa kati ya mita 10 na ardhi, anayetua kwa 90 amepoteza sehemu ya sita. Anayetua kwa 50 amepoteza karibu theluthi, na hapo yuko chini ya stoli akiwa mita mbili juu. Dawa ni kuongeza kasi ya kutua mapema, nusu ya upepo uliopo juu ya kasi ya kawaida, na kuishikilia hadi kuvunja mteremko, yaani kuinua pua kidogo kabla ya kugusa ardhi.

---

Raiza_Nyekundu:

Niongezee kwa wanaotoka paraglaida, maana mkono wetu una mazoea yake.

Kwenye paraglaida umening'inia mita kadhaa chini ya tanga. Ukiachia breki, uzito wako wenyewe unairudisha kwenye kasi yake. Hata likikunjika, jibu la kwanza la mafunzo mengi ni kuinua mikono. Glaida yenye kijiti haina pendulamu hiyo. Ukivuta kijiti ukakiacha pale, inapanda, inapungua kasi, inastoli, na stoli ya upande mmoja ni mzunguko wa kuanguka. Anayetoka kwetu akiogopa huwa anavuta. Kwenye breki za tanga kuvuta kidogo kunatuliza, kwenye kijiti karibu na ardhi ndiko kunakoangusha.

Kugeuka nako. Sisi tunaegemea na kuvuta upande mmoja, basi. Kwenye bawa refu na jepesi, eleroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) inayoshuka inaburuta zaidi ya inayopanda, hivyo ukipeleka kijiti kushoto pua inaanza kwenda kulia. Ni lazima pedali ya kushoto iende pamoja nacho. Kuna uzi mfupi wa sufi unabandikwa kwenye kioo mbele ya uso: ukilala kulia, kanyaga kushoto; ukilala kushoto, kanyaga kulia. Kila mara unakanyaga upande ambao uzi hauko. Wakati wa masomo ya mwanzo huo uzi ni mwalimu wa pili.

Na parachuti ya akiba: usichukue ya paraglaida ukaifunga kwenye glaida bila hesabu. Kiwango cha EN 12491 kinapima mteremko usiozidi mita 5.5 kwa sekunde kwa mzigo ulioandikwa kwenye parachuti. Ukiitegemea ibebe glaida pamoja na wewe, kilo 150 na zaidi, angalia mzigo huo na mahali kamba kuu inapofungwa kwenye fremu. Isipite karibu na kebo za usukani wala ukingo mkali wa kaboni, utaikata kama kisu.

---

Bawa_Refu:

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Mawili ya haraka kabla mafundi hawajafika. Parachuti inahesabiwa ndani ya zile pauni 155? Na nikiweka mota ndogo ya umeme ya kujirushia, bado ni glaida?

---

Kanuni_Kwanza:

Parachuti: soma aya yenyewe. Maneno ya kutoa maboya na vifaa vya usalama kwenye hesabu yameandikwa kwenye kipengele cha vyombo vyenye injini. Kipengele cha visivyo na injini kinasema tu "chini ya pauni 155". Mjenzi mwangalifu anapima pamoja na parachuti na bado anabaki chini. Rangi pia ni uzito. Koti tatu za kupendeza zinakula kilo mbili kimyakimya.

Mota: kwa Sehemu ya 103 ukishaweka mota umehama kipengele. Sasa ni pauni 254 mtupu, kilo 115, na yanaongezeka masharti ya kasi: isizidi noti 55 (kilomita 102 kwa saa) kwa nguvu zote ikiwa imenyooka, na stoli bila nguvu isizidi noti 24 (kilomita 44 kwa saa). Kwingineko mota inaweza kukuhamisha kundi zima, kutoka glaida hadi ndege nyepesi ya injini, na leseni ikabadilika nayo. Kiti cha pili nacho kinakutoa kabisa Sehemu ya 103. Amua mapema, maana ramani moja haigeuzwi kuwa nyingine kwa urahisi.

---

Fundi_Mbavu:

Nachukua la 4 na la 5.

Kuvutwa. Ndege ya kawaida ya kuvuta glaida za klabu mara nyingi ni ya haraka mno kwa hizi. Ndege hiyo ikiwa karibu na stoli yake, wewe unakaribia kikomo chako cha kuvutwa kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege. Inafaa ndege nyepesi ya polepole ya aina ya Dragonfly iliyobuniwa kuvuta hanglaida, au winchi yenye mwendeshaji anayejua kupunguza nguvu. Mwendeshaji aliyezoea kilo 500 akikupa mkono uleule utaruka kama jiwe la manati. Aambiwe kabla, si kwa ishara ukiwa tayari kwenye kebo.

Kila njia ya kurushwa ina mafunzo yake. Kwa EASA, winchi ni miruko 10 na mkufunzi na 5 peke yako chini ya usimamizi. Kuvutwa na ndege ni 5 na 5. Marekani mkufunzi anasaini kwenye logibuku njia kwa njia. Anayejua winchi tu hajui kuvutwa na ndege.

Kiungo dhaifu. Hapa ndipo vifaa vya klabu vinapodanganya. Ni kipande kinachokatika kabla mabawa hayajakatika. Vya kampuni ya Tost vinatambulika kwa rangi, kila moja na nguvu ya kukatika kwa dekanewtoni (daN 1 ni zaidi kidogo ya mvuto wa kilo 1): nyeusi daN 1000, kahawia 850, nyekundu 750, buluu 600, nyeupe 500, manjano 400, kijani 300. Glaida yako ina kilo 150 kwa jumla. Kanuni ya Marekani ya kuvuta kwa ndege inataka kamba ikatike kati ya asilimia 80 na 200 ya uzito wa juu wa anayevutwa, yaani kati ya kilo 120 na 300. Kijani ya daN 300 ni kama kilo 306. Kwa hiyo hata ile dhaifu kuliko zote imepita kidogo, na ile ya kahawia iliyoachwa kwenye kebo ya winchi tangu mruko uliopita ni karibu mara sita ya uzito wako. Mabawa yatatangulia kukatika.

Suluhisho ni kitanzi cha kamba nyembamba kilichopimwa. Kipime kikiwa na fundo lake, kwa mizani ya kuning'iniza, ukivuta polepole hadi kikatike, vitanzi vitano au sita vya bunda moja. Fundo linapunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja au zaidi, hivyo namba iliyoandikwa dukani haikusaidii. Kitanzi kilichokwaruzwa na changarawe kinatupwa. Ukiweka kiungo pande zote mbili, cha upande wa ndege inayovuta kiwe na nguvu kuliko chako, lakini kisizidi chako kwa zaidi ya asilimia 25.

Ndoana ya pua ni ya kuvutwa na ndege, ndoana iliyo karibu na kitovu cha uzito ni ya winchi. Usizibadilishe. Kabla ya mruko wa kwanza wa siku, mtu avute kamba kwa nguvu mbele na wewe uachie. Kisha ile ya winchi avute kwa nyuma bila wewe kugusa kitu: lazima ijiachie yenyewe. Isipojiachia, siku imeisha.

Baada ya kuunganisha mabawa. Usiishie kuangalia kijiti kikicheza. Eleveta (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) isiyounganishwa inaweza kuinama na kuinuka kwa uzito wake na ukadhani iko sawa. Fanya hivi: mwenzako ashike eleroni kwa viganja viwili, karibu na bawaba na juu ya ubavu, si kwenye ukingo mwembamba wa nyuma ambao utapasuka. Wewe ndani sukuma kijiti taratibu upande mmoja, kisha mwingine. Lazima mkono wako uhisi ukinzani na mkono wake uhisi msukumo. Rudia eleroni ya pili, eleveta, usukani wa mkia, breki za hewa. Halafu mwelekeo, kwa sauti: kijiti kushoto, ya kushoto imepanda. Kijiti nyuma, eleveta imepanda. Baada ya matengenezo kebo za eleroni zinaweza kufungwa kinyume na zikacheza laini kabisa.

Anayeunganisha asisemeshwe. Akikatizwa, anaanza upya tangu pini ya kwanza.

Kitovu cha uzito. Unahitaji mizani mbili, timazi, futi ya chuma na sakafu tambarare ndani ya nyumba, milango imefungwa. Upepo mdogo tu unanyanyua bawa na kuharibu namba. Weka gurudumu kuu kwenye mizani moja, skidi ya mkia (kipande cha kutelezea chini ya mkia) kwenye nyingine. Nyanyua mkia hadi mstari wa usawa uliotajwa kwenye ramani uwe sawa kwa pima maji. Dondosha timazi kutoka ukingo wa mbele wa bawa, mahali ramani inapoita sifuri, uweke alama sakafuni. Pima kutoka sifuri hadi katikati ya gurudumu (a), na kutoka gurudumu hadi skidi (b). Rubani akae ndani na mavazi yake yote, parachuti ikiwemo.

Kitovu = (uzito wa mkia × b ÷ uzito wote) + a, kama gurudumu liko nyuma ya sifuri.

Mfano: jumla kilo 148, mkiani kilo 6, b milimita 3600, a milimita 150. 6 × 3600 ÷ 148 ni 146. Ongeza 150, kitovu kiko milimita 296 nyuma ya sifuri. Linganisha na mipaka ya ramani, si ya glaida nyingine inayofanana.

---

Bawa_Refu:

Mkuu Fundi, hesabu imeeleweka. Ikiwa mkia utafanyiwa ukarabati na kuongezeka nusu kilo tu, nipime upya au ni kidogo?

---

Fundi_Mbavu:

Pima upya. Kwa mfano uleule: mkiani 6.5, jumla 148.5. 6.5 × 3600 ÷ 148.5 ni 157.6, ukijumlisha 150 unapata kama 308. Nusu kilo imerudisha kitovu nyuma milimita 12, na glaida ya aina hii inaweza kuwa na nafasi ya milimita 80 au 90 tu kati ya mipaka miwili. Rubani mwepesi naye anakirudisha nyuma zaidi, kwa sababu yeye anakaa mbele ya kitovu. Kitovu kikipita nyuma, kijiti kinakuwa chepesi mno na mzunguko wa kuanguka haukubali kukatika.

Ukilazimika kusawazisha, risasi (ile metali nzito) inawekwa puani kabisa kwenye mkono mrefu, imefungwa kwa boliti na si kwa gundi wala kamba, na uzito wake unaongezwa kwenye zile pauni 155. Andika karatasi mpya yenye tarehe mpya, ya zamani usiitupe, ibane nyuma yake.